Kizunguzungu kisha kupasuliwa tumbo: habari yenye ilianza 1881



Mama yangu mukubwa alirudi Bukavu kutoka India akiwa amepasuliwa tumbo. Hakuwa na kansa wala kidonda. Alipasuliwa ili apunguze kilo, juu ugonjwa wa sukari na tansio vilikuwa vimemushinda, na magoti yalikuwa yamekataa kumubeba. Wiki za kwanza tulifurahi sana. Nguo zilianza kumulegea, wamama wa kwaya wakamuuliza siri yake. Kisha akaanza kutapika. Alitapika wiki tatu, hata maji, na siku moja akatuambia kwamba nyumba inazunguka na miguu si yake tena.

Kila mutu katika familia alikuwa na jibu. Shangazi mumoja alisema: «Bamemuroga, kilo haziishaki vile.» Kaka yangu alisema mama anajinyima chakula juu anaogopa kunenepa tena. Jirani, mutu mwema kabisa, akatoa shauri lenye sisi wote tunalijua: «Mumupeleke bamuwekee serumu ya sukari, atarudisha nguvu.» Hilo la mwisho njo lilikuwa la hatari kuliko yote, na hakuna hata mumoja wetu mwenye alijua.

Mimi nilisoma historia, sikusoma medesini. Lakini kisha ile mambo nilitafuta kujua hiki kizunguzungu kilianzia wapi, na nilishangaa. Sehemu kubwa yake iliandikwa katika vitabu miaka mingi mbele ya mutu wa kwanza kupasuliwa ili apunguze kilo. Tena hakiko kimoja. Ni vizunguzungu vine ao vitano vyenye kufanana usoni, kila kimoja na baba yake, na shida inaanza pale tunapovipa vyote dawa moja.

Tuanzie Vienna, kule Austria, tarehe 29 Januari 1881. Muganga Theodor Billroth alimupasua mwanamuke wa miaka 43 mwenye alikuwa na kansa upande wa chini wa tumbo, pale chakula kinapotokea ili kuingia katika utumbo mwembamba. Alikata kipande chenye ugonjwa, akashona tumbo lililobaki pamoja na utumbo. Mbele yake Jules Péan alikuwa amejaribu huko Paris mwaka 1879, na Ludwik Rydygier mwaka 1880, na wagonjwa wao walikufa. Huyu wa Billroth aliamuka, akala, akarudi nyumbani. Kansa ilimumaliza kisha miezi karibu mine, lakini jambo lilikuwa limeonekana: kumbe mutu anaweza kuishi na kipande cha tumbo. Mwaka 1885 Billroth alifanya namna ya pili. Safari hii alifunga mwanzo wa utumbo na kushona tumbo kwenye sehemu ya utumbo yenye iko mbali kidogo. Mushike hiyo namna ya pili, itarudi hapa chini.

Kisha hapo waganga wa Ulaya na Marekani wakaanza kukata na kushona matumbo kwa wingi, zaidi sana kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Wagonjwa walipona kidonda, lakini wengine walirudi na lawama mupya. Walisema: nikimaliza kula tu, moyo unapiga mbio, jasho linatoka, kichwa kinazunguka, ninatamani kulala chini. Mutu anakaa mezani muzima, anasimama mugonjwa.

Mwenye alielewa mapema ni Arthur Hertz, muganga wa London. (Baadaye, mwaka 1916, alibadilisha jina akajiita Hurst, juu wakati wa vita jina lenye kusikilika kama la Kijerumani lilikuwa muzigo kule Uingereza.) Hertz alikuwa kati ya watu wa kwanza kutumia radio, nataka kusema ile mashini ya kupiga picha ya ndani ya mwili, ili kufwata chakula kinavyotembea tumboni. Mwaka 1913 aliandika kwamba kwa hawa wagonjwa tumbo linajimwaga haraka kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 waganga wa Marekani wakakipa kitu hicho jina lenye kimebaki nalo mupaka leo: dampingi. Neno lenyewe ni la kumwaga muzigo kwa mara moja, sawa vile kamio ya benne inavyomwaga muchanga mbele ya chantier.

Na ndivyo inavyokuwa kweli. Tumbo si mufuko tu. Chini yake kuna mulango wenye kubana, unaruhusu chakula kupita kidogo kidogo. Ukiukata ule mulango ao ukiupita pembeni, chakula chote kinaanguka ndani ya utumbo kwa wakati mumoja. Kama ni kitu cha sukari, fanta kwa mufano, ule utamu muzito unavuta maji kutoka katika damu kuyaingiza ndani ya utumbo. Damu inapungua maji, tansio inashuka, moyo unakimbia kujaribu kurudisha. Hapo mutu anasikia kizunguzungu kati ya dakika 10 na 30 kisha kula. Hiyo ni dampingi ya mapema.

Kuna na ya kuchelewa, na yenyewe inadanganya zaidi. Sukari ikiingia katika damu kwa haraka namna ile, kongosho linashituka na kutoa insulini nyingi. Saa moja mupaka tatu kisha chakula, insulini bado iko kazini lakini sukari imekwisha. Mutu anatetemeka, anachoka gafla, anaona giza, anasikia njaa. Kwa sababu ni saa ya kumi na chakula kilikuwa saa saba, nani atafikiri kwamba ni ile fanta ya saa saba njo inamuangusha? Atakunywa ingine ili apate nguvu, na nguvu itakuja kweli, nusu saa, kisha duara linaanza upya.

Dawa yake inajulikana tangu zamani na haina garama: kula kidogo kidogo mara nyingi, kuacha vinywaji vya sukari, kutanguliza nyama, samaki, mayai ao maharagi, na kutokunywa maji pamoja na chakula bali kuyangojea nusu saa. Ninaandika hii kwa haraka, lakini kwa familia ya Kivu si jambo dogo. Sahani ndogo mbele ya mugeni ni tusi. Mama mukubwa alikuwa anamalizia fufu juu ya adabu.

Sasa tuje kwa upasuaji wenyewe wa kupunguza kilo, juu mupaka hapa hakuna mwenye alikuwa amekata tumbo kwa sababu hiyo. Unaanza miaka ya 1950. Mwaka 1954, kule Minnesota, Kremen, Linner na mwenzao Nelson waliandika kuhusu majaribio yao juu ya imbwa na juu ya mutu: badala ya kugusa tumbo, waliruka sehemu kubwa ya utumbo. Wazo lilikuwa rahisi kabisa. Chakula kinaingia mwilini kupitia utumbo, basi tukifupisha utumbo, mutu atakula na hatanenepa. Los Angeles, Howard Payne na Loren DeWind wakaliendeleza, na mwaka 1969 wakatoa vipimo vyenye vilifwatwa na wengi: sentimeta 35 hivi za mwanzo wa utumbo mwembamba zinashonwa na sentimeta 10 za mwisho. Utumbo mwembamba wa mutu una karibu metre 6. Wao waliacha nusu metre ifanye kazi yote.

Kilo zilianguka, hapo hakuna ubishi. Lakini vingine navyo vilianguka pamoja. Watu walihara bila kupumuzika, wakapoteza potasio na kalisio, wakawa na mawe katika figo, viungo vikavimba, na wengine maini yao yaliharibika mupaka wakafa. Uchovu wao haukuwa wa kufunga kula. Ulikuwa wa mutu mwenye anakula kila siku na bado mwili unakufa njaa. Wengi ilibidi wapasuliwe mara ya pili ili warudishiwe utumbo wao, na kufika miaka ya 1980 ile namna ilikuwa imeachwa. Kwa maoni yangu hii ni sehemu yenye kusikitisha kuliko zote, juu ilichukua miaka karibu 30, na kila mwaka kulikuwa wagonjwa wenye kusema «nimechoka, kichwa kinazunguka».

Mwenye alibadilisha njia ni Edward Mason wa Iowa. Aliona jambo dogo lenye wengine walikuwa wameliona bila kulishangaa: wanawake wenye walikatwa tumbo kwa ajili ya kidonda, kwa ile namna ya pili ya Billroth, wanakonda, na hawanenepi tena kwa urahisi. Wenzake walikuwa wanalihesabu kama hasara. Mason akajiuliza: na kama hiyo hasara njo ingekuwa dawa kwa mutu mwenye kilo zinamuua? Mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, alianza kufanya upasuaji wa kutenga kipande kidogo cha juu cha tumbo na kukishona na utumbo, chakula kipite pembeni ya tumbo kubwa. Waliandika mwaka 1967. Njo mwanzo wa ile tunayoita leo baipasi ya tumbo. Mason aliishi mupaka 2020, akafa akiwa na miaka 100.

Munaona sasa kilichotokea. Kwa kuchukua namna ya Billroth, Mason alichukua na dampingi yake. Ilikuja ndani ya muzigo. Na kuna waganga wenye walifurahi! Walisema ni vizuri, kizunguzungu kitamufundisha mugonjwa kuacha bonbon. Mimi hii fikra sijaipenda. Mwalimu mwenye kumupiga mwanafunzi bila kumuambia kosa lake hafundishi kitu, na wagonjwa wengi hawakuambiwa.

Mwaka 1991 Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilikusanya wataalamu ili kuweka sheria: ni nani anaweza kupasuliwa. Walichukua kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu, wakasema 40 na zaidi, ao 35 kama mutu ana ugonjwa mukubwa wenye kuletwa na unene. Kwa mutu wa metre 1 na sentimeta 65, 40 maana yake ni kilo 109 hivi. Walisema tena kwamba aliyepasuliwa afwatwe na waganga maisha yake yote. Watu wanakumbuka ile namba 40. Ile sentensi ya kufwatwa maisha yote inasahaulika, zaidi sana wakati muganga mwenye alipasua iko Delhi na mugonjwa iko Kadutu.

Kisha 1994 wakaanza kuifanya kwa matundu madogo na kamera, bila kufungua tumbo lote, na kisha mwaka 2000 ikaenea ile namna ingine yenye walimufanyia mama mukubwa: wanakata karibu robo tatu ao zaidi ya tumbo, wanaacha mufereji mwembamba sawa ndizi. Hapo utumbo haurukwi. Na niseme wazi ili nisieleweke vibaya: huu upasuaji unasaidia. Utafiti mukubwa wa Sweden wenye ulianza 1987 na kufwata watu wapata 4000 ulionyesha mwaka 2007 kwamba wale wenye walipasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wale wenye hawakupasuliwa. Ugonjwa wa sukari kwa wengi unarudi nyuma hata mbele kilo hazijashuka sana. Siandiki hapa ili kuwatisha watu.

Lakini ule uzuri wenyewe unazaa kizunguzungu kingine. Mutu alikuwa anakunywa dawa mbili za tansio na dawa za sukari kwa mwili wa kilo 120. Kisha miezi mitatu mwili ni wa kilo 95, anakula kidogo, anakunywa maji kidogo juu tumbo halipokei, na tansio imeshuka yenyewe. Dawa hazijapunguzwa. Asubui akisimama kutoka kitandani, damu haifiki kichwani kwa wakati, anaanguka. Hapo hakuna siri wala ugonjwa mupya. Kuna orodonansi ya zamani. Kwa mama mukubwa tulikuta hilo vilevile: alikuwa bado anameza vidonge vyote vya tansio, kwa uaminifu, kila asubui, juu mara ya mwisho muganga alimwambia asiache hata siku moja.

Kizunguzungu kingine kinakuja polepole, na historia yake inapitia Boston. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy walionyesha kwamba kula maini kwa wingi kunaponyesha aina moja ya upungufu wa damu yenye ilikuwa inaua watu. Kwa nini maini? William Castle, kijana bado, alifanya jambo lenye wengine wetu hatungeweza. Alikula nyama karibu mbichi, akangoja saa moja, akaitoa tena kutoka tumboni mwake, akawapa wagonjwa (wenyewe hawakuwa wanajua chanzo chake). Wagonjwa wakaanza kutengeneza damu. Nyama ileile bila kupita tumboni mwa mutu muzima haikusaidia. Mwaka 1929 alitangaza kwamba tumbo linatoa kitu fulani chenye kushika kitu kingine cha ndani ya nyama. Hicho kingine kilitengwa mwaka 1948 na kuitwa vitamini B12.

Basi ukikata tumbo ao ukilipita pembeni, unapunguza kile chenye kushika B12. Na kwa baipasi chakula hakigusi tena mwanzo wa utumbo, pale mwili unapookota chuma chake. Damu inapungua: mutu anapanda kilima cha Nguba na kusimama mara tano, moyo unapiga, vidole vya miguu vinasikia sindano sindano. Wamama wenye bado wanaona mwezi wao wanaumia zaidi. Tofauti ni muda. B12 iko na akiba katika maini ya miaka kadhaa, ni sawa mutu mwenye ana konti benki. Ugonjwa unaweza kuja mwaka wa tatu ao wa nne, wakati kila mutu amesahau kwamba kulikuwa upasuaji. Mugonjwa atatibiwa malaria, atatibiwa minyoo, atatibiwa mawazo.

Kuna tena kimoja cha juzi juzi. Mwaka 2005 waganga wa Mayo Clinic kule Minnesota waliandika kuhusu wagonjwa sita wenye walikuwa wamefanyiwa baipasi na sasa sukari yao inaanguka vibaya kisha kula, mupaka wanachanganyikiwa. Walikuta chembe za kongosho zenye kutoa insulini zimeongezeka. Watu bado wanabishana juu ya kuongezeka huko, lakini kile wagonjwa walichosikia hakibishaniwi: ni ule ndugu wa dampingi ya kuchelewa, akiwa na meno.

Nimeacha kimoja nyuma, makusudi. Turudi 1881, mwaka uleule wa Billroth, lakini sasa Berlin. Carl Wernicke, muganga wa ubongo, alichapisha kitabu ambamo alieleza wagonjwa watatu. Macho yao yalikuwa hayatembei vizuri, walikuwa wanayumba wakitembea, akili ilikuwa inachanganyikiwa. Wote watatu walikufa, na katika ubongo alikuta madoa ya damu. Alifikiri ni uvimbe wa ubongo. Wawili kati yao walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa msichana mushonaji wa nguo, miaka 20, mwenye alikunywa asidi. Asidi ilimuunguza ule mulango wa chini wa tumbo mupaka ukafunga, akawa anatapika kila kitu.

Vitabu vya kisha vikashika wale wawili na kumusahau huyu. Ugonjwa wa Wernicke ukawa ugonjwa wa walevi. Vizazi vya waganga vilifundishwa hivyo, na ninaona hata leo swali la kwanza linalokuja ni la pombe.

Sababu ya kweli ilikuja kutoka Java, kwa kuku. Christiaan Eijkman, muganga Muholanzi, aliona kuku wa maabara yake wanalegea miguu wakilishwa muchele mweupe uliopikwa kwa ajili ya hospitali ya kijeshi. Mupishi mupya akakataa kutoa muchele wa jeshi kwa kuku wa raia, wakarudishiwa muchele wenye ngozi, wakapona. Ndani ya ile ngozi kulikuwa kitu. Eijkman alipata Nobel mwaka 1929. Kitu chenyewe kilitengwa kule kule Java mwaka 1926 na kutengenezwa katika maabara mwaka 1936. Ni vitamini B1, tiamini.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, wanajeshi Waingereza walifungwa na Wajapani kule Singapore, wanakula muchele mweupe na wengi wanahara. Muganga Hugh de Wardener, mufungwa kati ya wafungwa, akaona tena yale ya Wernicke: kutapika, macho yanachezacheza, kuchanganyikiwa. Pombe haikuwepo kambini. Kwa tiamini kidogo yenye alikuwa nayo aliwachoma shindano, na wenye walipata mapema walibadilika. Yeye na Bernard Lennox walichapisha visa 52 mwaka 1947. Yule mushonaji wa Berlin alikuwa amepata wenzake.

B1 haina konti benki. Ni franga za mufukoni: akiba ya mwili inaisha kwa wiki mbili ao tatu. Mutu mwenye amepasuliwa tumbo, anakula vijiko vinne, na anatapika hivyo vinne, kisha wiki tatu hana kitu. Mwaka 2008 Erlend Aasheim wa Norway alikusanya visa 84 vya ugonjwa huu kisha upasuaji wa kupunguza kilo. Karibu vyote vilitokea ndani ya miezi sita ya kwanza, na karibu wagonjwa wote walikuwa wanatapika.

Sasa ile serumu. Mwili unahitaji B1 ili uchome sukari. Ukimumiminia sukari ndani ya mushipa mutu mwenye B1 yake imebaki matone, yale matone yanatumika na ubongo unabaki bila kitu. Mutu aliyeingia na kizunguzungu anaweza kutoka bila kumbukumbu, ao asitoke. Ndiyo maana kanuni inasema tiamini ipewe mbele ya sukari ao pamoja nayo. (Kama kipimo kinaonyesha sukari ya damu imeanguka kweli, sukari haingojei, inapewa mara moja, na tiamini kando yake.) Ni shindano lenye bei ndogo. Lakini lazima mutu alifikirie, na ili alifikirie lazima ajue kwamba mugonjwa alipasuliwa tumbo, kwamba anatapika, na tangu lini.

Katika hospitali ya kwanza walimuuliza mama mukubwa kama anakunywa pombe. Yeye ni mama wa kwaya miaka 30. Alikasirika, na sisi tukakasirika pamoja naye, na katika ile hasira hakuna mwenye alisema habari ya India. Wengine katika familia hawakutaka ijulikane. Walitundika serumu ya sukari. Kwa bahati mushipa ulikataa, mukono ukavimba, wakaitoa mbele haijaenda mbali.

Jioni tulimuhamisha. Kule tulikuta muganga kijana, dada wa umri wetu, ametoka masomoni juzi. Hakuuliza pombe. Aliona vidonda vidogo vya kamera juu ya tumbo, akauliza: «Mama, hii walikufanyia wapi? Unatapika tangu siku ngapi?» Kisha akainua kidole na kumwambia akifwate kwa macho. Macho yalikuwa yanarukaruka. Akatuma mutoto wa shangazi kwa farmasi na kikaratasi, B1 ya shindano, akaiweka mbele ya kitu kingine chochote. Dawa za tansio alizisimamisha siku ileile.

Macho yalitulia kisha siku mbili. Miguu haikufanya haraka namna hiyo. Mama mukubwa alitembea akishika ukuta wa korido miezi minne, na mupaka leo akigeuka gafla anatafuta kitu cha kushika.